Mama (72) anasahau, anapotea njia, anamwita dada wa kazi mwizi. Ni uzee au Alzheimer? Naomba ushauri

Kiboriloni_Kwetu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Pole zenu nazipokea, ila ninachohitaji zaidi ni maelezo ya wanaolijua hili jambo.

Mama ana miaka 72, mwalimu mstaafu, yuko Moshi na dada wa kazi. Ana presha na kisukari cha siku nyingi (metformin na glibenclamide). Kwa mwaka na nusu hivi anashuka polepole. Anauliza swali, unamjibu, anauliza tena hapo hapo. Maharage anayatia chumvi mara mbili. Amepotea akitoka soko la Mbuyuni, njia aliyoipita maisha yake yote. Kitenge kikikosekana anasema dada kaiba, kisha kinakutwa kwenye ndoo ya unga. Saa nane usiku anaamka, anavaa, anasema anachelewa kipindi. Ya zamani lakini anayasimulia bila kukosea hata jina.

Zahanati wametuambia ni uzee. Kaka anataka tumzungushe, mwezi kwangu Dar, mwezi kwake Arusha. Shangazi anasema karogwa. Tuanzie wapi, vipimo gani, na nyumbani tuishi naye vipi?

Mzee_wa_Busati

Miaka 72 huo ni uzee mkuu. Asali vijiko viwili asubuhi na jioni, atakaa sawa.

Stetho_Kavu

Asali kwa mgonjwa wa kisukari, tuiache hapo hapo.

Uzee haumpotezi mtu njia ya kwake. Mzee wa kawaida husahau jina, ukimdokeza linamjia. Kwenye Alzheimer tukio lenyewe halikuhifadhiwa, kwa hiyo udokeze usidokeze, hakuna kitu. Sehemu ya ubongo inayoshambuliwa mapema ni hipokampasi, ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya. Ndiyo maana darasa lake la mwaka 1975 analo kichwani na chai ya asubuhi hana. Kumbukumbu nzuri ya zamani isiwadanganye.

Ila msikimbilie kumpa jina la ugonjwa. Dimenshia ni hali, na Alzheimer ni kisababishi chake kikubwa (WHO wanakadiria asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa), si pekee. Kuna inayotokana na mishipa ya damu, ambayo mara nyingi hushuka kwa ngazi: yuko sawa, kiharusi kidogo, anashuka, anatulia, anashuka tena. Kuna ya Lewy, mgonjwa anaona watu au wanyama wasiokuwepo, anakakamaa mwili, leo mzima kesho hajijui. Mwenye presha na kisukari kama mama anaweza kuwa na mchanganyiko.

Na kuna vitu vinavyoiga dimenshia na vinatibika. Hivyo ndivyo vya kutafuta kwanza:

Upungufu wa vitamini B12. Metformin ya miaka mingi hupunguza B12, na upungufu unaweza kuchanganya akili hata kama hana anemia. Damu ichukuliwe KABLA hajachomwa sindano yoyote ya Neurobion (ya vitamini B), maana baada ya hapo majibu hayatasema kitu.

Tezi ya shingo (TSH), sodiamu na kalsiamu, figo, picha kamili ya damu, VVU na kaswende. Msione haya hivyo viwili vya mwisho, vyote hugusa ubongo na vyote vina dawa.

Sukari kushuka. Glibenclamide kwa mzee ni dawa ya kuiogopa: hukaa mwilini muda mrefu, na anayesahau anaweza kumeza mara mbili au kumeza asile. Siku akichanganyikiwa ghafla au kutoka jasho, pimeni hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anaweza kumeza, mpeni sukari kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, ikipanda ale. Asipoweza kumeza msimlazimishe, kimbizeni hospitali. Na muulizeni daktari kuhusu kuibadilisha dawa hiyo.

Sonona. Mzee mwenye sonona mara nyingi analalamika mwenyewe kwamba anasahau. Mwenye Alzheimer kwa kawaida anasema yuko sawa, nyinyi ndio mna matatizo.

Swali kwako: ameanguka karibuni? Na zaidi ya hizo, anakunywa dawa gani nyingine, hata za dukani?

Kiboriloni_Kwetu

Aliteleza bafuni kama miezi miwili iliyopita, akajigonga kichwa kidogo, hatukwenda hospitali. Dawa: za presha, aspirini, Piriton kila jioni kwa ajili ya kuwashwa, na amitriptyline 25 ya ganzi ya miguu.

Stetho_Kavu

Basi kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) si cha hiari tena. Mzee akijigonga, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo kwa wiki kadhaa, na aspirini inaongeza hatari. Dalili zake ni hizo hizo za kuchanganyikiwa, pengine na kusinzia mchana, kuumwa kichwa au kuburuta mguu mmoja. Ikikutwa, mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Akisinzia kupita kawaida au akilegea upande mmoja, msisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa kuwa yuko Moshi, hospitali ya KCMC inatosha, hakuna haja ya kumleta Dar kwa hili.

Mtakachokwenda nacho ni muhimu kuliko mashine. Andikeni karatasi moja: dalili ipi ilianza, lini, ikafuata ipi, na mifano mitatu minne kama hiyo ya kitenge. Andikeni pia kazi alizokuwa akifanya peke yake na sasa hawezi: kupika, dawa, kuhesabu chenji, simu. Anayeishi naye, yaani dada, aende naye, na aongee na daktari pembeni bila mama kusikia. Mama mbele ya daktari atajikaza, atajibu vizuri, na mtarudishwa nyumbani na lile lile neno la uzee. Miwani yake msisahau. Asiyeona vizuri atafeli hata akiwa mzima.

Atapimwa kumbukumbu kwa maswali. Vipimo vya alama 30, vya kuchora saa na kutoa 7 kutoka 100, hutegemea sana elimu. Mwalimu anaweza kupata 27 na ugonjwa upo. Kwa wazee ambao hawakusoma kuna kingine kinachoitwa IDEA, ambacho kilitengenezwa kwa utafiti wa hapo jirani zenu wilayani Hai: maswali sita, alama 15, na badala ya kuchora mzee anapanga njiti nne za kiberiti kuiga umbo. Kwa mama huenda kikawa chepesi, ila kwa bibi zetu ambao hawakwenda shule ndicho cha haki.

Dozi_Kamili

Nachangia upande wa dawa tu.

Piriton na amitriptyline zote mbili hubana asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu huitumia na ambayo Alzheimer tayari inaila. Kwa mzee, hizo peke yake zinatosha kumfanya aonekane ana dimenshia, pamoja na kukauka mdomo, kufunga choo na kubana mkojo. Piriton muiache, kuwashwa kutafutiwe sababu (ngozi kavu na kisukari mara nyingi, mafuta ya mgando baada ya kuoga yanasaidia). Amitriptyline isikatwe ghafla, daktari aipunguze taratibu na kutafuta mbadala wa ganzi. Kama ganzi yenyewe inatokana na B12, mtakuwa mmepiga ndege wawili.

Daktari akithibitisha Alzheimer, dawa ya kwanza kwa kawaida ni donepezil, 5 mg mara moja kwa siku, na baada ya wiki 4 hadi 6 huweza kupandishwa kuwa 10. Kichefuchefu na kuharisha huja mwanzoni. Ndoto kali zikija, ihamishieni asubuhi. Hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo apimwe umeme wa moyo kabla ya kuanza, na akizimia muisimamishe mkamwone daktari. Kumpa donepezil huku anaendelea na Piriton ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Nimeona vyeti vingi vimeandikwa hivyo. Ugonjwa ukifika kati au mbali kuna memantine, huanza 5 mg na kupandishwa kila wiki hadi 20.

Hakuna kati ya hizo inayoponya. Mkiona amebaki alipo kwa miezi, dawa imefanya kazi. Dawa mpya za lecanemab (Marekani waliipitisha kikamilifu mwaka 2023) na donanemab (2024) hupunguza kasi kwa walio hatua ya mwanzo tu, kwa dripu na picha za ubongo (MRI) za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Msiuze shamba.

Jingine: mtu asiwape haloperidol "ya kumtuliza usiku" kirahisi. Dawa za kundi hilo huongeza kiharusi na vifo kwa wenye dimenshia, na kama ni ya Lewy zinaweza kumgandisha kabisa. Zitumike tu pale hatari kwake au kwa wengine inapokuwa kubwa, kwa dozi ndogo, muda mfupi.

Mama_Tausi

Mpango wa kuzungusha mama, mwezi huku mwezi kule, muuache. Najua ndivyo familia nyingi zinavyogawana haki, lakini asiyeweza kuhifadhi jambo jipya hawezi kujifunza choo kiko wapi kwenye nyumba ngeni. Atakojoa koridoni, mtasema amezidiwa, kumbe amehamishwa. Abaki Moshi, nyinyi ndio mzunguke kwenda kwake.

Kitenge: usimwambie "hakuna aliyeiba" wala "uliweka mwenyewe". Mwambie "pole mama, kitenge chenyewe kizuri, tukitafute." Mtafute pamoja, akipate yeye. Jueni maficho yake (ndoo ya unga, chini ya godoro, mfuko wa koti) na mpite hapo kila siku. Na dada aelezwe mapema kwamba tuhuma hizo ni ugonjwa, la sivyo ataondoka, na mkimpoteza yeye mmepoteza nusu ya matibabu. Apate siku kamili ya kupumzika kila wiki, mtu mwingine ashike zamu.

Usiku: asubuhi akae juani nusu saa, mchana asilale zaidi ya saa moja, chai ya rangi na kahawa mwisho saa saba mchana. Maji anywe ya kutosha, ila mengi kabla ya saa kumi na moja jioni. Kama kati ya dawa zake za presha kuna ya kukojoza, muulizeni daktari kama anaweza kuinywa asubuhi. Washeni taa kabla giza halijaingia, maana vivuli vya magharibi ndivyo vinavyowatia hofu. Akisema anachelewa kipindi, msimwambie alistaafu. Muulize "leo unafundisha nini?", mkalishe, mpe maziwa ya moto. Mara nyingi akishasimulia kidogo anarudi kitandani mwenyewe.

Usalama jikoni: mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu kila mkimaliza, na kiberiti kisikae wazi. Mafuta ya taa, Jik na sabuni ya maji zilizohifadhiwa kwenye chupa za soda zitoke ndani leo. Atakunywa.

Kupotea: shoneni namba mbili za simu kwa ndani ya dera na kwenye sweta. Wajulisheni bodaboda wa kijiweni na mwenye duka la kona. Wekeni kwenye simu picha yake ya mwili mzima ya karibuni. Akipotea anzeni kumtafuta dakika hiyo hiyo, kwanza pale alipowahi kufundisha na alipozaliwa. Na msimfungie ndani peke yake hata siku moja. Moto ukitokea hawezi kutoka.

Kiboriloni_Kwetu

Asante sana mama. Kuoga ndiyo vita yenyewe, anasema ameshaoga.

Mama_Tausi

Msibishane kama ameoga au la. Tayarisha kila kitu kwanza: maji ya vuguvugu kwenye ndoo, kiti cha plastiki, mpira wa kuzuia kuteleza chini, nguo safi. Kisha "mama, maji yako tayari", basi, si swali. Aliye naye awe mwanamke. Abaki na khanga mabegani muda wote, uoshe chini ya khanga. Anza na miguu, kichwa mwisho au siku nyingine, maana maji usoni ndiyo yanayowashtua. Akikataa, acha, rudi baada ya nusu saa. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha, siku nyingine kitambaa cha maji ya moto sehemu za siri na makwapani.

Akianza kukataa ghafla kabisa, au akachanganyikiwa zaidi ndani ya siku moja mbili, hiyo si Alzheimer kuongezeka. Alzheimer haikimbii hivyo. Tafuteni UTI, malaria, nimonia, choo kufunga au upungufu wa maji.

Muhuri_na_Saini

Mambo ya mali yafanyeni sasa hivi wakati bado anaelewa anachosaini. Wosia na hati ya uwakilishi viandikwe kwa wakili, mashahidi wasiwe warithi, na siku ile ile daktari aandike barua kwamba alikuwa na akili timamu. Bila barua hiyo mtagombana mahakamani. Fahamuni pia kwamba uwakilishi wa kawaida hukoma aliyeutoa akipoteza uwezo wa akili, baada ya hapo ni mahakama kuteua msimamizi. Kwenye simu yake muache pesa ndogo ya matumizi tu. Kaka asitumie namba ya siri ya mama kimya kimya hata kwa nia njema. Wekeni daftari ambalo wote mnaliona. Na uhakiki wa pensheni usipite.

Mangi_Mtulivu

Kuhusu shangazi: mumuombe kwa heshima neno "karogwa" lisitoke nje ya nyumba. Leo karogwa, kesho majirani wanamgeuza yeye ndiye mchawi kwa sababu anatembea usiku na kuongea peke yake. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni tu. Kama familia inataka maombi, yaje nyumbani, mafupi, bila kumfungisha na bila kuacha dawa.

Kiboriloni_Kwetu

Tumekubaliana abaki Moshi, na CT tunaenda wiki hii. Mawili ya mwisho: ikithibitika, tumwambie? Na sisi watoto tutarithi?

Stetho_Kavu

Kurithi: aina inayopita moja kwa moja kwa jeni moja huanza mapema, kabla ya miaka 65, na ni chini ya mgonjwa mmoja katika 100. Ya uzeeni kama hii inaongeza uwezekano wenu kiasi, si hukumu. Presha, sukari, sigara, kutosikia vizuri na kukaa bila mazoezi mnaweza kuvishughulikia tangu sasa.

Kumwambia: mwacheni daktari amuulize kwanza yeye mwenyewe, "ungependa kujua tulichokiona?" Akisema ndiyo, aambiwe kwa maneno mepesi, kwamba ubongo una ugonjwa unaosababisha kusahau, kuna dawa ya kusaidia, na hatakuwa peke yake. Huenda kesho akawa amesahau. Akiuliza tena mjibuni tena, kwa ufupi ule ule. Asipouliza msimkumbushe. Na aambiwe kabla ya kwenda kwa wakili, si baada.