Mjadala: Mashine ikimkata mtu, uzembe ni wa nani?

Mzee wa Kampemba: Nimekula zamu miaka mingi kwenye kinu cha unga hapa Lubumbashi, jina la kampuni tuliache. Mahindi yalikwama, kijana akatia mkono kuyatoa, mkanda ukamvuta. Kwenye ripoti wakaandika "uzembe". Mimi nilikuwepo. Kifuniko cha chuma cha ule mkanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, unga umekigandia kama bukari, ugali, ya jana. Boliti zake nne zilikuwa kwenye kopo la maziwa, zimeshika kutu. Sasa niambieni, uzembe wa nani?

Shefu wa zamu: Mzee, kwa heshima. Tunawafundisha: zima kwanza, ndipo uguse. Hawasikii. Hata ngazi ya kwenda juu ya ghala wanashuka kwa kuruka.

Mama wa Katuba: Shefu, bwana yangu analipwa kwa gunia. Afungue boliti nne, asafishe, azikaze tena, magunia mangapi yamempita? Na akizima mashine, si wewe unayekuja mbio kuuliza mbona kimya?

Shefu wa zamu: Mama, hapo umenishika. Ila idadi ya magunia sipangi mimi.

Kijana wa Ruashi: Na sisi jurnalye, vibarua wa kutwa? Tajiri anasema wa kutwa hayumo CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, akiumia apewe pesa ya dawa basi.

Mwanasheria: Mdogo wangu, usikubali. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002, kifungu cha 40: wa kutwa akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa ana mkataba usio na muda maalumu. Na mchango wa CNSS wa ajali za kazini, asilimia 1.5 ya mshahara, anautoa mwajiri peke yake. Kwa mchango huo wewe hukatwi hata faranga.

Mzee wa Kampemba: Kumbe! Ndiyo maana kwetu vijana wakifika siku ya 21 wanaambiwa "nendeni mpumzike". Tulidhani ni huruma.

Mama wa Katuba: Huruma ya kalenda hiyo.

Mzee wa Kampemba: Shefu, mimi naomba kitu kidogo. Kufuli kwenye swichi, ufunguo mfukoni mwa anayesafisha. Mwingine asiweze kuwasha mpaka mwenyewe atoke.

Shefu wa zamu: Kufuli niliandika kuomba, Mzee. Barua bado iko mezani kwa mukubwa, chini ya kikombe chake.