Je, Mkatoliki anaruhusiwa kuwa Frimasoni?

Muulizaji: Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwataja Frimasoni waziwazi, ilhali kanuni ya 1374 ya Sheria mpya za mwaka 1983 haiwataji. Je, katazo limeondolewa?

Jibu la kwanza: La hasha. Tamko la Vatikani la tarehe 26 Novemba 1983, lililotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, linasema kwamba anayejiunga nao yumo katika dhambi kubwa na haruhusiwi kupokea Komunyo Takatifu.

Jibu la pili: Niongeze kidogo. Siri na viapo ndivyo vilivyomsumbua Papa Klementi XII mwaka 1738, lakini Leo XIII, katika waraka wake wa 1884, alilalamikia pia ndoa kugeuzwa mkataba wa kiraia tu na elimu kutengwa na dini.

Muulizaji: Nashukuru. Kumbe sababu za katazo si zile hadithi za utajiri wa kishetani.