Nataka kwenda Serengeti peke yangu kwa mara ya kwanza, naombeni ushauri

Mwalimu_Dom

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, mwanamke wa miaka 36. Kila mwaka nafundisha hifadhi za taifa. Nachora ramani ubaoni, naandika Serengeti, kilomita za mraba 14,763, ilianzishwa 1951, na kila mwaka kuna mtoto ananyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umefika?" Nimechoka kujibu bado.

Tulikuwa wanne tuliopanga kwenda pamoja. Tumepanga miaka mitatu. Mara mmoja amejifungua, mara mwingine kahamishwa kituo cha kazi, mara ada za watoto zimebana. Sasa nimeamua kwenda mwenyewe likizo ya Juni. Nina milioni moja na laki sita, nimeiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana na sijaigusa.

Ofisi ya kwanza niliyoipigia Arusha ilinitajia bei ya siku nne ambayo ingemaliza akiba yote na bado ningedaiwa. Kijana mwingine niliyepewa namba yake kanipa bei ya chini kabisa, ila anataka nusu leo leo, kwenye simu yake. Sielewi. Kiingilio cha Mtanzania ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, sasa hayo mamilioni yanatoka wapi?

Halafu mama yangu kaniuliza, "Utalala na nani huko porini?" Nilimjibu kwa ujasiri, lakini usiku swali lilinirudia. Ndani ya hema, peke yangu, hakuna uzio. Waliowahi kwenda bila mwenzi naombeni mniambie ukweli. Na Juni nitawaona nyumbu?

Dereva_Mstaafu

Mwalimu, nimeendesha watalii njia ya Arusha na Serengeti miaka 19. Nianze na bei, ukishaielewa hiyo mengine yatakuwa mepesi.

Kiingilio ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye safari yako. Kinachokula pesa ni gari. Landkruza linakunywa mafuta yale yale likiwa na mtu mmoja au sita, dereva analipwa posho ile ile, mpishi vile vile. Kushuka kreta ya Ngorongoro kuna ada ya gari, na ada hiyo haihesabu viti vilivyokaliwa. Ile ofisi haikutaka kukuibia, ilikupa bei ya gari zima. Wewe nunua kiti. Wapigie tena useme hivyo hivyo: "Nataka kiti kwenye kundi la Watanzania."

Na hapa ndipo upweke wako unapokuwa faida. Wale wanne mlishindwa kwa sababu tarehe za watu wanne hazikutani. Mtu mmoja anaweza kusogea siku tatu mbele au nyuma. Ofisi yenye watu watano kwenye gari la viti sita inakutafuta wewe kuliko unavyoitafuta. Uliza ni kundi gani limepungukiwa mtu, kisha upange likizo yako kulifuata.

Ukitokea huku Arusha, njia ya kawaida ya kufika Seronera, katikati ya Serengeti, inakatiza Ngorongoro. Unaingia geti la Loduare, baadaye geti la Naabi. Ni mamlaka mbili na malipo mawili. Bei za chini za ajabu mara nyingi zinaficha hapo: mteja anafika Loduare ndipo anaambiwa aongeze. Uliza waziwazi kama Ngorongoro na Serengeti zote zimo, na kama kushuka kreta kumo. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti, una haki ya kuiona.

Huyo kijana usimtumie hata senti. Kampuni halali ina leseni ya biashara ya utalii, ile wengi wanayoiita TALA. Soma jina na mwaka. Jina la kwenye leseni, la kwenye mkataba na la kwenye akaunti ya benki yawe jina moja. Yakipishana, achana nao hata kama wana maneno matamu.

Nyumbu: Juni makundi huwa yanaelekea magharibi, upande wa mto Grumeti, kutegemea mvua ilivyonyesha. Kuvuka mto Mara ni kama Julai hadi Oktoba, kaskazini kabisa, na siku nne hazitoshi kufika kule na kurudi ukiwa umeona kitu. Usiwafukuze. Seronera ina simba mwaka mzima, ina viboko, na chui wa pale wanapenda kulala juu ya migunga kando ya mto. Mtu anayekaa Seronera kwa utulivu huona mengi kuliko anayekimbizwa.

Mdau_Moro

Mimi ningeanza na Mikumi. Upo Dodoma, unapanda treni ya SGR hadi Morogoro, kutoka hapo barabara kuu inakatiza hifadhini. Uwanda wa Mkata una tembo, nyati, twiga, pundamilia na simba. Siku mbili zinatosha na nusu ya akiba yako inabaki. Serengeti haihami.

Dereva_Mstaafu

Mdau, Mikumi ni nzuri na sina neno nayo. Lakini huyu mama ameandika Serengeti ubaoni miaka yote hiyo, ameweka pesa kwa ajili ya Serengeti. Akienda kwingine atarudi na picha nzuri na swali lile lile. Mwache aende.

Nuru_Tanga

Dada Mwalimu, mimi nimekwenda peke yangu mara mbili na ya kwanza iliniharibikia, kwa hiyo nisikilize.

Nilijiunga na kundi la ofisi moja ambayo sitaitaja. Tuliambiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukaondoka saa nne, gari linazunguka mjini kuokota watu, na tulipofika Naabi jua lilikuwa linakaribia kuzama. Tulikuwa saba kwenye viti sita. Mimi niliyekuja peke yangu ndiye niliyewekwa katikati, maana sikuwa na wa kunitetea, na siku ya kwanza ya simba niliwaona simba kwa kuchungulia bega la mtu. Safari ya pili niliandikisha kwenye mkataba: idadi ya juu ya abiria, kila mtu dirisha, saa ya kuondoka. Mtu wa peke yake anatakiwa aandikishe, kwa sababu wenzake wakishakubaliana jambo ndani ya gari yeye anabaki kura moja. Na uliza kama wanatoza nyongeza ya hema la mtu mmoja. Wengi hutoza, na hujui mpaka siku ya kulipa salio.

Sasa swali la mama yako. Kambi za umma za Seronera, kina Pimbi na Nguchiro, kweli hazina uzio. Usiku wa kwanza nilisikia kitu kinakata majani karibu kabisa na kichwa changu. Krap, krap, krap. Kinatulia, kinapumua kwa pua, kinaendelea. Kati yangu na hicho kitu palikuwa na kitambaa tu. Nililala na mkono juu ya zipu, jasho limenitoka ingawa kulikuwa na baridi, na mbali fisi wanaitana. Asubuhi mwongozaji alinionyesha kwato kwenye vumbi, hatua mbili kutoka kwenye kamba ya hema. Pundamilia. Alikuwa anakula tu, na alikuwa amepita kwenye mahema yote. Usiku wa pili nilimsikia tena nikalala.

Omba hema lako lipigwe katikati ya mengine, karibu na la mpishi. Ndani usiweke chakula chochote, hata biskuti wala ganda la ndizi. Nenda chooni na wenzako kabla ya kulala, na baada ya chakula cha jioni usinywe maji mengi. Ukizidiwa usiku, mulika tochi kwanza ukiwa mlangoni, uzungushe taratibu, utafute macho. Ukiona macho, funga zipu umwite mwongozaji. Zipu iliyofungwa ndiyo ukuta wako.

Jambo jingine ambalo wanaume hawatakuambia: kuchimba dawa. Hifadhini hushuki popote unapotaka. Vyoo vipo getini, Seronera, na kwenye sehemu za kulia chakula. Nimeona wanawake wakikaa siku nzima bila kunywa maji kwa kuona haya kumwambia dereva, jioni kichwa kinawapasuka. Kunywa, na mwambie mapema, kabla hujabanwa. Ni kazi yake na amezoea.

Mkondoa

Mwalimu, naona karibu kila ofisi itakuwekea Tarangire siku ya kwanza, maana ndiyo ratiba yao ya kawaida. Iondoe. Wewe upo Dodoma. Barabara ya lami inapita Kondoa na Babati hadi Kwa Kuchinja, na geti la Tarangire lipo jirani na hapo. Hiyo ni hifadhi unayoweza kwenda wikiendi yoyote na walimu wenzako. Tena nenda Septemba. Mimi nilikaa saa nzima namtazama tembo mmoja kwenye mto uliokauka. Anakwaruza mchanga kwa mguu wa mbele, anauondoa kwa mkonga, anangoja. Maji yanajikusanya shimoni kidogo kidogo, anavuta, anajimiminia mdomoni. Mtoto wake alikuwa anajaribu kuingiza mkonga wake na yeye, anasukumwa pembeni, anarudi. Alipotosheka, mama akasogea mwenyewe.

Usiku utakaouokoa uupeleke Seronera. Na huna haja ya kwenda hadi Arusha kisha urudi njia ile ile: mabasi ya Dodoma kwenda Arusha yanapita Makuyuni, na hapo ndipo barabara ya Karatu inapochepuka. Lala Karatu, kundi likuchukue asubuhi.

Dereva_Mstaafu

Mkondoa kasema kweli, na mimi nilisahau kwamba Mwalimu anatokea Dodoma nilipompa njia. Usiku mbili Seronera ndiyo safari. Ukilala mmoja unapata jioni moja na asubuhi moja, na asubuhi hiyo dereva anatazama saa, kwa sababu kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu muda mlioingia.

Mwalimu_Dom

Nimewasoma wote, nawashukuru sana. Leo nimepiga simu ofisi tatu na kila moja nimeiambia nataka kiti. Mbili zilisema hazina kundi. Ya tatu ina manesi watano wa hospitali moja wanaoondoka wiki ya pili ya likizo, na nafasi ya sita ipo. Leseni wamenitumia, ni ya mwaka huu, jina la akaunti ni lile lile. Siku nne: usiku mbili Seronera, mmoja kambi ya Simba juu ya kreta, asubuhi kushuka kreta na kurudi. Watanichukua Karatu. Nikilipa yote nabakiwa na laki mbili na kitu.

Nimewaandikia kuhusu dirisha, na wamekubali kwa maandishi. Kinachonisumbua ni kwamba hao watano wanajuana, mimi mgeni. Pia ninunue darubini? Na chakula cha njiani nitoke nacho nyumbani?

Dereva_Mstaafu

Viti: asubuhi ya kwanza kabisa, kabla gari halijawaka, mwombe dereva aweke zamu ya viti, kila siku mnasogea mmoja. Akitangaza yeye hakuna atakayeona umejipendelea. Manesi ni watu wa zamu, watakuelewa.

Darubini ni bora kuliko kamera ya mkopo, ila usinunue, azima. Bila hiyo, faru wa kreta atakuwa nukta ya kijivu, maana chini kule ni kama kilomita za mraba 260 na mara nyingi anasimama mbali. Twiga usimtafute, kreta haina twiga. Kingo ni mita 600 hivi kwenda juu, zimesimama wima, na chini hakuna migunga ya kumtosha. Wafundishe watoto hilo.

Katika hizo laki mbili, tenga bahashishi ya dereva na mpishi kwenye bahasha mbili tofauti kabla hujaondoka nyumbani. Zilizobaki usizishike hadi umerudi Makuyuni.

Nuru_Tanga

Kambi ya Simba ipo zaidi ya mita 2,000 juu, na Juni baridi yake inaingia kwenye mifupa. Blanketi la Dodoma halitoshi. Beba soksi nzito mbili, kofia ya sufu, na uulize unene wa mifuko ya kulalia wanayotoa. Usivae bluu wala nyeusi mchana: ndorobo wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi.

Chakula cha njiani beba, lakini si kwenye mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku Juni 2019. Na mkifika Ngoitokitok kwenye kreta, pale kwenye bwawa, manesi watataka kula nje kwenye majani kwa sababu panapendeza. Wewe kula ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mwewe wa pale wanashuka kutoka nyuma, husikii chochote, na paja la kuku linaondoka na ngozi ya kidole. Mimi bado nina kovu.

Mwalimu_Dom

Nimecheka na nimeandika yote kwenye daftari. Blanketi la pili mama amesema nichukue lake.