Nimevunjika mkono mjengoni Shela, nami ni kibarua wa kutwa: haki yangu ni ipi?

Fundi wa Langoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi hupiga lipu, na kwa miezi minne nimekuwa kibarua wa mkandarasi mmoja anayejenga nyumba ya wageni Shela. Wiki tatu zilizopita kiunzi cha boriti tulichosimama kilifunguka kamba upande mmoja, nikaanguka na ndoo ya chokaa, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Mkandarasi alilipia eksirei na plasta, akanitumia shilingi 3,000, kisha akanyamaza. Juzi msimamizi wake alinijia nyumbani na karatasi iliyochapwa, isemayo kwamba nimelipwa na sina dai lolote, akanieleza kuwa kibarua wa kutwa hana fidia. Sijaitia sahihi. Linalonikosesha usingizi ni kadi ya hospitali: kijana aliyenipeleka alimwambia daktari kwamba niliteleza nyumbani, na ndivyo ilivyoandikwa.

Mzee wa Mkunguni
Pole sana mwanangu, na ulifanya vyema kutotia sahihi. Sheria ya Kenya ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, humhesabu kuwa mwajiriwa yeyote aliyeajiriwa kwa ujira, hata mwanagenzi, wala haimbagui anayelipwa jioni kwa jioni. Mwajiri analazimika kuwakatia bima wafanyakazi wake, na akipata habari ya ajali anapaswa kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 ikiwa mtu amefariki. Gharama za matibabu na za usafiri wa kwenda kutibiwa ni zake. Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, unastahili malipo ya kipato chako hadi miezi 12, kwa hiyo zile 3,000 hazikumaliza jambo. Wala huhitaji kuthibitisha nani alifunga kamba vibaya, maana fidia hii haitegemei kosa la mwajiri.

Mkono ukibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye kipato cha miezi 96. Tuseme kipato chako kimekubaliwa kuwa 30,000 kwa mwezi na daktari ameandika ulemavu wa asilimia 10: hapo ni shilingi 288,000. Ndiyo maana karatasi ile imeletwa mapema, kabla plasta haijafunguliwa.

Mpishi wa Malindi
Kaka, shughulikia kadi hiyo kabla ya lolote jingine. Mimi niliungua kwa mafuta ya kukaangia katika jiko la hoteli, na mwajiri aliponikana, kilichoniokoa ni mstari mmoja wa daktari uliosema nimeungua kazini, pamoja na tarehe. Rudi hospitalini na wenzako wawili waliokuwa juu ya kiunzi, ueleze ilivyokuwa, uombe maelezo sahihi yaongezwe kwenye faili lako. Lile daftari la msimamizi la majina ya kila siku, ukiweza lipige picha, na ujumbe wote wa M-Pesa wa ujira wako usiufute, kwa kuwa mkandarasi atasema hakujui.

Mwana wa Amu
Mambo ya fomu yatamchosha bure. Ampeleke mkandarasi mahakamani moja kwa moja, adai fidia ya uzembe.

Mzee wa Mkunguni
Hapana, ndugu yangu, njia hiyo imefungwa. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai ya namna hii yaanze kwa Mkurugenzi. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na jibu la pingamizi likimkwaza, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.

Fundi wa Langoni
Nashukuru sana. Leo asubuhi nimekwenda hospitalini na wenzangu wawili, na daktari ameandika upya kwamba nilianguka kutoka kwenye kiunzi kazini. Barua ya kumwarifu mkandarasi ameniandikia binti yangu, kwa kuwa mkono ndio huu, na nakala yake nitaipeleka kwa afisa wa kazi kesho.

Mpishi wa Malindi
Atakayeipokea barua kwa mkandarasi atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, wenzako hao hao waandike kwamba wameona ikikabidhiwa.