Tupeane uzoefu: choo na bafu kwa mzee ambaye miguu imegoma

Wa Uyole: Shikamooni wakubwa. Baba alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu, nimemtoa Tukuyu akae kwangu. Sisi Wanyakyusa mnatujua, kwa wazee wa zamani mkwe wa kike hata njia moja na baba mkwe hapiti, sembuse kumshika mkono kumpeleka chooni. Nikiwa kazini anajibana mpaka nirudi. Nimegundua asubuhi chai haigusi, makusudi. Choo ni cha kuchuchumaa, kiko nje, ngazi mbili. Mlianzia wapi?

Mnyalukolo: Kamwene mkuu. Anza na chuma cha kushikilia. Mimi nilimalizia hela kwenye tailizi mpya, mama akaanguka tena, kwa sababu alikuwa anajishika kwenye bomba la maji la plastiki. Nikachomelewa chuma huku Ipogolo, Iringa, fundi akakifunga kwa skrubu kwenye plasta. Wiki mbili kikatoka na plasta yake! Tofali zetu za kuchoma ni laini, toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha boliti, kaza na kipande cha bati nene. Kwa mzee wako kiwe kulia, mkono wenye nguvu. Na kimo usikikadirie wewe: akae mwenyewe, anyooshe mkono, weka alama ya chaki hapo.

Mama Njombe: Choo cha kuchuchumaa usikivunje. Seremala akutengenezee kiti kizito chenye tundu, miguu ya mzee ikanyage chini yote. Kile cha plastiki cha kukata tundu sikishauri, cha kwetu kilitanua miguu kikapasuka na bibi juu yake. Tulicheka baadaye, siku ile hapana.

Kaka wa Soweto: Mlango ufunguke kwa nje. Baba mdogo alianguka akaulalia kwa ndani, tukaupasua kwa shoka.

Wa Mafinga: Mimi ndiye ninayetumia kiti cha magurudumu, niseme kidogo. Watu wanatujengea mteremko kama wa kupandishia toroli la zege. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi zako mbili zikiwa na sentimita 30, mteremko ni mita 3.6. Usishtuke, unaweza kukunja kona, ila pale konani pawe tambarare. Uwazi wa mlango usipungue sentimita 80, hata kama leo anatembea na fimbo. Ndoo iwe juu ya kigoda, asiiname. Na maji ya moto, kwa baridi hii ya Juni, ayapime kwa mkono wa kulia, upande uliopooza unaweza kuungua asijue.

Wa Uyole: Mrejesho, ndugu zangu. Chuma na kiti tayari, mlango umegeuzwa, mteremko nasubiri mshahara, kwa sasa nimeweka reli ya mbao kwenye ngazi. Ndaga fijo, asanteni sana. Jana mke wangu kanipigia saa nne asubuhi: chupa ya chai ya mzee imeisha, amchemshie nyingine?