Oili ya giaboksi ya otomatiki: tubadilishe au tuiache? Na tukabadilishe wapi?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana limeshawaweka watu wengi kwenye daladala.

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji Sinza. Nikamkuta dada mmoja, Toyota IST yake iko juu ya jeki. Kaja kubadilisha oili ya injini tu, akauliza, "Na hii ya giaboksi je?" Mafundi wawili wakampa majibu mawili. Kijana akasema mwaga, weka mpya. Mzee aliyekuwa pembeni akasema giaboksi haiguswi: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Dada akaangalia huku, akaangalia kule, akalipa hela ya oili ya injini akaondoka.

Mimi nasema ibadilishwe, na ibadilishwe gari likiwa bado zima. Ila aina ya oili na mkono wa fundi ni vitu vikubwa kuliko jina la gereji. Nitaeleza sababu, halafu mnipinge.

Nianze na yule mzee, kwa sababu hasemi uongo. Ameona kwa macho yake gari linaingia gereji kwa miguu yake, linabadilishwa oili, wiki inayofuata halishiki gia. Anachokosea ni sababu. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi zenye utando unaoshika. Utando ule ukilika, unga wake unaelea kwenye oili, na oili hiyo yenye unga huenda ndiyo inasaidia sahani zilizokwisha ziendelee kushikana. Ukiweka oili safi yenye dawa ya kusafisha, umeondoa mkongojo aliokuwa anatembelea mgonjwa. Watu wengi hapa mjini hawaikumbuki oili hii mpaka gari lianze kushtuka au kuchelewa kuingia D, gia ya kwenda mbele. Wanafika wakiwa wamechelewa, halafu lawama inaangukia oili mpya.

Ongeza na ile mashine ya kusukuma oili kwa presha. Kwenye gari la mtumba ambalo hujui lilitunzwaje, mimi siiruhusu. Inang'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya vavu, na hapo mzee anapata ushahidi wake mwingine. Njia ya taratibu ni kufungua nati ya chini. Kwenye gari kama IST zinatoka kama lita 3, chini kidogo ya nusu ya iliyomo, nyingine inabaki kwenye konveta (kile kikombe kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili) na mabomba ya kupoozea. Rudisha kiasi kilekile, tembelea wiki mbili tatu, rudia. Mara 3 zinakufikisha zaidi ya robo tatu ya oili mpya bila kuishtua giaboksi.

Wengine hoja yao ni kwamba watengenezaji wenyewe wamesema oili hii ni ya maisha yote ya gari. ZF wa Ujerumani ndio wanaotengeneza giaboksi za BMW nyingi. BMW waliuza magari yale wakisema oili haibadilishwi. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8, kutegemea matumizi. Mimi namsikiliza aliyeiunda.

Na matumizi yetu ndiyo haya tunayoyajua. Kutoka Mbagala au Kimara kuja Posta asubuhi, gari linasimama, linasogea hatua mbili, linasimama. Wakati wote huo konveta inaikoroga oili, joto lote linaishia humohumo, upepo wa kupooza rejeta haupo, na nje jua la Februari linawaka. Oili inayopikwa hivyo kila siku hailingani na ya gari linalokimbia barabara kuu huko Japani. Tena kilomita unazozisoma kwenye dashibodi ya gari la mtumba ni neno la muuzaji tu.

Masika nayo yana lake. Ukipita kwenye maji marefu, Jangwani au popote yanapojaa, maji yanaweza kuingia giaboksi kupitia tundu lake la kupumulia. Oili inageuka rangi ya waridi iliyochanganywa na maziwa. Ukiiona hivyo, hesabu za kilomita ziache. Usiliwashe gari, oili imwagwe siku hiyohiyo, maana maji yanabandua utando wa klachi kwenye sahani zake. Rejeta ikitoboka kwa ndani, rangi ni hiyohiyo.

Sasa wapi. Hapa nina kidonda.

Nilikuwa na Nissan X-Trail T31, yenye CVT, aina ya giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Nikaipeleka gereji moja nzuri, sitaitaja, sakafu ya vigae, kiyoyozi, runinga ya wateja. Nikakaa ndani kwenye baridi. Wakaniambia mzee tumeshabadilisha, na mimi nikashukuru. Siku ya tatu napanda Kimara, injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukapanda, gari likabaki palepale. Baadaye ikaanza kulia kama nyuki ndani ya debe. Niliporudi kuuliza wameweka nini, wakanionyesha dumu la Dexron III, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Gari lile linataka NS-2, oili ya CVT za Nissan. CVT haibadilishi gia kama giaboksi za kawaida, ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili ukibanwa na kuta zake, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza. Giaboksi ilipofunguliwa Ilala, fundi akanishika kidole akakipitisha kwenye uso wa puli. Ukucha ulikuwa unakwama kwenye mikwaruzo. Nikanunua giaboksi ya mtumba Kariakoo kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada ya shule.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nenda kwenye gereji kubwa uwe salama", simkubalii hivyohivyo. Gereji kubwa inaweza kuwa na fundi asiyesoma, na chini ya mwembe anaweza kuwepo anayesoma. Fundi ninayemwamini huanza kwa kuuliza giaboksi yako ni ipi. Kwenye Toyota, namba yake iko kwenye kibati cha chesesi, na kwenye nyingi zenye stiki ya kupimia oili, aina ya oili imechongwa kwenye stiki yenyewe. Toyota ya zamani inayotaka oili ya T-IV si sawa na inayotaka oili ya WS, na CVT za Toyota zina oili zao tofauti kabisa. Fundi akikwambia "hii inaingia magari yote", chukua ufunguo wako.

Halafu nataka dumu lifunguliwe mbele yangu. Makopo ya kujazwa upya yapo mtaani, ndiyo maana mimi kopo tupu nalitoboa kabla ya kuliacha. Nataka oili ya zamani ikingwe kwenye chupa ya maji iliyokatwa, tuipime, tuitazame juani na kuinusa. Kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, bado kuna matumaini. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, tuzungumze kwanza. Sumaku ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) ikiwa na uji wa kijivu ni kawaida, ikiwa na vipande vya chuma vinavyomeremeta, hakuna oili itakayoponya. Na chupa ile isimwagwe mtaroni, mitaro yetu inaishia mtoni na baharini.

Jambo moja ambalo gereji za chini ya mwembe zinakosea sana, na hapa wenye vifaa wanastahili sifa: magari yasiyo na stiki. Kwenye Toyota nyingi za WS, kina kinapimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, na joto hilo unalisoma kwa mashine. Ukitoka kwenye foleni mchana, oili imeshavuka hapo mbali. Imetanuka, fundi akifungua inamwagika nyingi, anafunga akidhani imejaa. Ikipoa imepungua. Kwa gari la namna hiyo, bila mashine usikubali, hata fundi awe shemeji yako.

Ninapobaki na shaka ni hapa, na ningependa mafundi mnaofungua giaboksi mjibu. Gari la mtumba, historia haijulikani, asubuhi linasita sekunde moja kabla ya kushika R, gia ya kurudi nyuma, likishapata moto liko sawa. Oili kahawia, hainuki kuungua, sumaku haina vipande. Mimi ningemwaga lita 3 na kusubiri. Mkuu, wewe uliyeshika magari mengi kuliko mimi, ungefanyaje?