Mashine nzito ya kuinua manyoya ya zulia, ya brashi mbili, au reki na vakyumu: nani katumia huku Kusini?

Mwosha Mazulia (Mtwara)

Wadau, habari za jioni. Naosha mazulia na makochi hapa Mtwara mjini, huu mwaka wa sita. Nina mashine moja ya kunyunyiza na kunyonya maji, vakyumu mbili za kawaida na vijana wawili. Kazi zangu ni nyumba za Shangani na Ligula, ofisi chache, na kila Shaaban misikiti, watu wanapojiandaa na Ramadhani.

Kilichonileta ni msikiti mmoja niliouosha Shaaban iliyopita. Zulia la kijani, la safu, ukuta hadi ukuta. Tukapitisha vakyumu mara mbili, tukaosha, likapendeza, nikalipwa. Siku ya nne mzee wa msikiti akanipigia: "Mwanangu, njoo uone." Pale miguu inaposimama na pale paji la uso linapogusa, michirizi ya udongo ilikuwa imerudi, na manyoya yamelala vilevile. Nikapiga magoti, nikayapanua kwa vidole viwili. Chini kabisa, kwenye kitako cha zulia, mchanga ulikuwa umekaa kama ule unaobaki chini ya mtungi. Niliumia sana. Sikuusafisha ule mchanga, niliugeuza tope.

Sasa nataka kununua kifaa cha kutangulia kabla ya maji. Kuna ile mashine nzito yenye brashi moja ngumu ya mviringo na mota ya kunyonya humohumo. Kuna ile nyepesi ya brashi mbili zinazozunguka kwa kupishana. Na kuna wanaosema reki ya mkono na vakyumu nzuri vinatosha. Pesa yangu inatosha kimoja tu, na nikikosea sina ya pili. Aliyetumia naomba aseme.

Bi Usafi (Lindi)

Pole, kaka. Mimi nilikuwa mtu wa usafi hotelini Dar kabla sijarudi nyumbani, na zote mbili nimezishika.

Ile nzito kazi yake ni moja, lakini inaifanya kwelikweli. Brashi inachimba hadi kitakoni, inayasimamisha manyoya yaliyolala, na mchanga ukiruka tu unanyonywa palepale. Vakyumu ya kawaida inapita juu ya manyoya yaliyolala kama mvua juu ya makuti. Haifiki chini. Korido yetu iliyokuwa imekanyagwa miaka, tukiipitisha kavu tu, bila tone la maji, rangi ilikuwa inabadilika mbele ya macho.

Ubaya wake ni uzito. Kuipandisha ngazi ni watu wawili na jasho. Wewe unaenda kazini kwa usafiri gani? Kama ni bajaji, fikiria mara mbili. Itakutaka guta au kirikuu.

Ya brashi mbili unaibeba peke yako. Inainua manyoya vizuri, inatoa nywele na nyuzi mpaka unashangaa, uchafu unaangukia kwenye vibakuli vyake pembeni. Ila nyingi hazinyonyi, kwa hiyo vumbi laini linabaki, lazima vakyumu ifuate nyuma yake. Faida yake kubwa ni kwamba ukishanyunyiza sabuni unasugulia nayo hiyohiyo. Ile nzito usiiweke kwenye maji kabisa.

Fundi Mota (Lindi)

Kabla hujatuma pesa, geuza mashine usome kibao cha mota. Nimeletewa hapa mashine tatu za usafi zilizoungua, zote za Marekani, zimenunuliwa kwa mtumba.

Kule umeme ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230, mizunguko 50. Watu wananunua transfoma wakidhani yamekwisha. Transfoma inashusha volti tu, ile mizunguko haiigusi. Mota isiyo na kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosuguana ndani ya mota na kupitisha umeme, ikija huku inapungua kasi kama sehemu moja kati ya sita, na inachemka. Brashi inakuwa mvivu, mwenye mashine anaikandamiza, mota inazidi kuchemka, halafu ananiletea mimi. Mota ya kaboni haina tatizo hilo, inataka volti sahihi tu. Iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza unachomeka hata plagi bila kubadilisha.

Na nunua mikanda miwili ya akiba na seti ya brashi siku hiyohiyo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Kilwa, mteja wangu alikaa na mashine nzima imelala kwa sababu ya mkanda wa mpira. Waya wa eksitensheni nao uwe mnene. Wembamba mrefu unakula volti, mota inaumia kimyakimya.

Reki na Subira (Masasi)

Mimi sikubaliani na kukimbilia mashine. Nina reki ya meno ya plastiki na vakyumu yenye brashi inayozunguka, na wateja wangu wa majumbani hawajawahi kulalamika. Napiga reki kwenda na kurudi, natoa mchanga taratibu, napiga tena. Ni kazi ya mkono, ndiyo, lakini nahisi zulia lina nini.

Na jamani, mazulia si yote ya manyoya yaliyokatwa. Yale ya vitanzi, ya ofisini, brashi ngumu ikinasa kitanzi kimoja inafumua mstari mzima. Niliona kwa macho kwenye ofisi moja hapa, uzi umechomoka kama unafumua sweta. Mwosha alilipa kutoka mfukoni. Zulia kuukuu ambalo gundi ya mgongo imechoka, na lile la sufu lililofumwa kwa mkono, usilisogezee mashine nzito.

Mwosha Mazulia (Mtwara)

Nashukuru sana, hasa la mota. Nilikuwa karibu kulipia moja ya volti 120.

Ndugu wa Masasi, nakuelewa, ila msikiti ule una safu kumi na saba. Reki ni ya siku ngapi? Na mchanga wa huku mnaujua. Mtu anatoka kutawadha, miguu ina maji, anakanyaga uwanja, anaingia. Kila swala.

Bi Usafi, swali moja. Zulia la msikiti ni la plastiki, haya ya polipropilini. Manyoya yatasimama kweli?

Bi Usafi (Lindi)

Nitakwambia ukweli, usije ukamwahidi mzee wa msikiti usichokiweza. Nailoni ina nguvu ya kurudi, ukiisimamisha na ukaipiga maji ya moto inakaa. Polipropilini ikishakunjika miaka, itainuka kiasi, halafu baada ya wiki kadhaa za kukanyagwa italala tena. Mchanga utatoka, hilo naapa. Sura ya upya usiahidi.

Tena usisimamishe brashi inazunguka mahali pamoja. Nyuzi zile haziwezi joto, msuguano unaacha alama ya kung'aa isiyofutika. Tembea nayo muda wote, pole pole. Pito la mwisho liwe upande mmoja kwa safu zote, la sivyo utaona giza na mwanga vimechanganyika, watu watasema hukumaliza.

Kwa msikiti na ofisi kubwa ningechukua nzito. Kwa nyumba za Shangani, brashi mbili. Sasa angalia daftari lako, pesa yako ya mwaka inatoka wapi zaidi?

Brashi Mbili (Mikindani)

Nachangia kidogo. Ninayo ya brashi mbili, na misikiti naifanya. Siri ni mwendo: brashi, vakyumu, brashi kwa kukatiza upande mwingine, vakyumu. Safu tatu za kwanza mara ya mwisho, nilimwaga vibakuli na mfuko wa vakyumu kwenye gazeti nikamwita imamu. Mchanga, nywele, punje za tasbihi, ganda la korosho. Alikaa kimya, akaushika ule mchanga kwa vidole. Tangu siku hiyo hawaniulizi kwa nini siku ya kwanza nzima situmii maji.

Kijana mmoja anatosha kuiendesha, na umeme ukikatika jenereta yangu ndogo inaibeba.

Kama unataka, njoo unichukue nayo Jumamosi baada ya adhuhuri tuijaribu kwenye msikiti wako, safu moja tu. Nusu kwa mashine yangu, nusu kwa vakyumu zako. Zote zioshwe sawasawa.

Mwosha Mazulia (Mtwara)

Nimempigia mzee wa msikiti sasa hivi. Kasema tuanze na safu ya nyuma, karibu na mlango, ndiyo imeumia zaidi. Nakuja kukuchukua na kirikuu saa saba. Siku ya nne baada ya hapo nitapiga picha niziweke hapa, na pesa sitatoa kabla ya kuziona.